Kupinga bomba la mafuta na kosa la "kero kwa umma": utetezi uanzie wapi?

Mwambao_Tanga

Wakuu, salaam. Naandaa kijitabu cha Kiswahili cha kurasa chache kwa vijana wanaopinga bomba la EACOP (bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki), upande wa Uganda na upande wetu wa Tanga. Habari za bomba wanazo kichwani: kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, mafuta yanapashwa moto hadi nyuzi 50 ili yasigande njiani, TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa asilimia 62. Lakini mtu akishakamatwa na kupewa hati ya mashtaka, anaisaini bila kujua imeandikwa nini.

Mfano ninaoutumia ni wa wanafunzi 9 waliokamatwa Kampala tarehe 4 Oktoba 2022. Walikuwa wanaelekea ofisi za Umoja wa Ulaya kuunga mkono azimio ambalo Bunge la Ulaya lilipitisha Septemba mwaka huo dhidi ya mradi. Wakapelekwa rumande katika gereza la Luzira, wakashtakiwa kwa kero kwa umma, wakawa wanahudhuria mahakamani zaidi ya mwaka, mwisho kesi ikafutwa bila hukumu. Mwaka 2024 vijana wengine wengi wakakamatwa Kampala kwa makundi, na shitaka likawa lile lile.

Naomba wenye ujuzi wanijibu haya:

1. Katiba ya Uganda inaruhusu maandamano ya amani. Kosa hili linasimama juu ya nini?
2. Barua kwa polisi kabla ya maandamano ni ombi la ruhusa au ni taarifa tu?
3. Saa 48 za kwanza baada ya kukamatwa, nani afanye nini?
4. Tukishindwa nyumbani twende Arusha, Banjul au Geneva? Kila mtu anataja mahali pake.

Nikikosea mahali nisahihishwe, kijitabu bado hakijachapwa.

---

Wakili_wa_Zamu

Ndugu Mwambao, nianze na namba 1, maana ndipo kesi nyingi zinapopotezwa bila sababu.

Kwanza tahadhari kuhusu namba za vifungu. Uganda ilianza kutumia toleo jipya la sheria zake Julai 2024 na namba zimebadilika. Kero kwa umma ilikuwa kifungu cha 160 cha Sheria ya Adhabu. Katika kijitabu andika jina la kosa, na namba iangaliwe siku hiyo kwenye hati. Nitakazotaja hapa chini kwa sheria za Bunge ni za zamani. Namba za ibara za Katiba hazijaguswa.

Sasa maneno yenyewe ya kosa. Ni mtu anayefanya kitendo *kisichoruhusiwa na sheria* (au anayeacha wajibu wa kisheria), na kwa kitendo hicho akasababisha madhara, hatari au karaha kwa watu kwa ujumla, au akazuia au kusumbua *umma* katika kutumia *haki zao za pamoja*. Adhabu yake ni kifungo cha hadi mwaka mmoja. Hayo maneno niliyoyapigia mstari ni kufuli tatu, na upande wa mashtaka lazima ufungue zote.

Kufuli ya kwanza ndiyo nzito. Ibara ya 29(1)(d) ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kukusanyika na kuandamana pamoja na wengine kwa amani na bila silaha. Basi kutembea barabarani na bango ni kitendo *kilichoruhusiwa* na sheria iliyo juu kuliko zote. Mwendesha mashtaka hawezi kuishia kusema "waliandamana". Anapaswa kuonyesha kitu cha zaidi ambacho Katiba haikukilinda, kama vile silaha, kupiga watu au kuharibu mali. Mawakili wengi hulitaja hili mwishoni, wakati wa kujitetea. Ni kuchelewa. Lisemwe siku ya kwanza hati inaposomwa, liingie kwenye kumbukumbu za mahakama, kisha lirudiwe mwisho wa ushahidi wa mashtaka mnapoomba mahakama itamke kwamba hakuna kesi ya kujibu.

Kufuli ya pili ni umma. Nani alisumbuliwa? Mara nyingi mashahidi wote huwa ni askari walewale waliokamata. Askari aliyetumwa kuzuia maandamano si umma uliozuiwa kupita. Muulizeni akitoa ushahidi: magari yalisimama dakika ngapi, na je, yalisimama kwa sababu ya vijana tisa au kwa sababu ya gari la polisi lililoegeshwa katikati ya barabara? Video ikionyesha hilo, kazi imeisha nusu.

Ya tatu, haki ya pamoja. Hati nyingi husema tu kwamba washtakiwa, tarehe fulani, barabara fulani, "walisababisha kero". Ombeni maelezo zaidi kwa maandishi: kitendo gani, haki ipi, kwa muda gani. Ibara ya 28(3)(b) inataka mshtakiwa aelezwe aina ya kosa kwa lugha anayoielewa, na 28(12) inakataza kumtia mtu hatiani kwa kosa ambalo sheria haijalifafanua. Hoja ya ukungu wa maneno si ya kubuni. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta sehemu za kosa la kikoloni la uzururaji kwa sababu mtu wa kawaida hawezi kujua analivunjaje. Kero kwa umma haikuguswa na hukumu ile, lakini njia ya kufikiri ni moja.

Na hapa kuna mtego. Wapo wanaokimbilia ibara ya 137(5), kuomba swali lipelekwe Mahakama ya Katiba. Mnaruhusiwa, na mkiomba hakimu analazimika kulipeleka. Ila kesi ya chini inasimama, na masharti ya dhamana yanabaki shingoni kwa miaka. Kwa mwanafunzi anayetakiwa kuripoti mahakamani kila baada ya muda, hiyo ni adhabu kamili bila hukumu. Mimi ningepeleka swali la katiba kwa shauri la kujitegemea, lifunguliwe na taasisi (ibara ya 50 inaruhusu mtu au taasisi kufungua shauri kwa haki za wengine), na kesi ya jinai niisukume iende mbio.

Namba 2: ni taarifa. Sheria ya Usimamizi wa Mikusanyiko ya mwaka 2013 ilitaka mwandaaji aandike si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 15 kabla, na kifungu chake cha 8 kikampa polisi uwezo wa kuzuia na kutawanya. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ikakibatilisha kifungu hicho. Kabla ya hapo, mwaka 2008, katika shauri la Muwanga Kivumbi, ilikuwa imeshafuta kipengele cha Sheria ya Polisi kilichofanana nacho, kwamba polisi hawana mamlaka ya kuzuia mkusanyiko wa amani kabla haujatokea, wana wajibu wa kuusimamia. Pamoja na hayo, pelekeni barua. Nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa. Wakikataa kugonga, mpige picha mezani, andika jina la aliyekataa, na itume pia kwa barua pepe. Barua ile hamuombi kitu. Mnatengeneza ushahidi kwamba serikali ilijua, ikapata nafasi ya kupanga magari, ikachagua kukamata.

---

Daftari_la_Mahabusu

Wakili kaeleza vizuri upande wa mahakamani. Nitachukua namba 3, kabla mtu hajamwona hakimu.

Saa 48 za ibara ya 23(4) zinahesabiwa tangu *kukamatwa*. Polisi hupenda kuhesabu tangu jina lilipoandikwa kwenye daftari la kituo, na kati ya hapo mtu anaweza kuwa amezungushwa kwenye gari kwa muda wa saa tano. Kwa hiyo mnahitaji kitu chenye saa: ujumbe wa simu uliotumwa wakati wa kukamatwa, picha ya asili iliyobaki kwenye simu iliyopiga. Picha iliyopitia WhatsApp hupoteza taarifa zake za ndani na hubanwa ubora, haifai kama ushahidi wa kwanza. Nakili faili la asili kwa waya au kadi, andika nani alipiga, lini, kwa simu gani, na faili lisikatwe wala kuwekewa maandishi. Mtu huyo huyo ndiye atakayeitwa kuthibitisha.

Mpango unaofanya kazi ni wa watu watatu ambao *hawaandamani*. Mmoja ana orodha ya majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, umri, namba ya ndugu wa karibu, ugonjwa na dawa. (Jina likikosewa kituoni, wakili atazunguka siku nzima akiambiwa mtu huyo hayupo.) Wa pili anafuata magari na kujua kituo. Kampala watu hugawanywa vituo tofauti makusudi au kwa kukosa nafasi, hivyo orodha inarudiwa kila kituo. Wa tatu yuko na wadhamini.

Kituoni wakili aulize mambo manne na aandike majibu: namba ya kumbukumbu kwenye daftari la kituo, jina la mkuu wa kituo, sababu ya kukamatwa, saa ya kupokelewa. Ibara ya 23(5) inawapa waliokamatwa haki ya ndugu kujulishwa, kuonana na wakili na kupata matibabu. Ikikataliwa, andikeni nani amekataa na saa ngapi. Msigombane. Andikeni.

Maelezo ya onyo (yale polisi wanayomwandikisha mtuhumiwa): mtu ana haki ya kukaa kimya. Jina, umri na makazi vinatosha hadi wakili afike. Kosa linalojirudia ni kijana mwenye moyo safi kueleza kwa kirefu kwa nini anapinga bomba, akitaja nani aliitisha, nani alichapa mabango, nani alilipa nauli. Hapo ameshajenga shitaka la kula njama kwa watu wengine kumi. Hoja za hali ya hewa zina mahali pake, na mahali pake ni kizimbani.

Aliyepigwa aonwe na daktari mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24, kabla uvimbe haujashuka. Picha mbili kwa kila jeraha: moja ya karibu ikiwa na rula kando, moja inayoonyesha uso na jeraha pamoja. Picha ya mkono usio na mwenyewe haimsaidii mtu.

Dhamana ya polisi ni bure. Ukiombwa fedha uliza stakabadhi na ya nini. Dhamana ya mahakama ni habari nyingine: hakimu huweza kutaka fedha taslimu, na karibu kila mara wadhamini, kwa kawaida wawili kwa mshtakiwa. Washtakiwa tisa ni wadhamini kumi na wanane, kila mmoja na kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa mtaa wake inayomtambulisha. Hiki ndicho kinachowalaza vijana Luzira wiki kadhaa: dhamana imekubaliwa lakini barua za mtaa hazijaandikwa, au mdhamini ana kitambulisho kilichokwisha muda. Zikusanywe kabla ya maandamano. Kwa mwanafunzi ongezeni barua ya chuo na ratiba ya mitihani, hakimu huipa uzito.

Saa 48 zikipita bila mahakama, au mtu asijulikane aliko, wakili aende Mahakama Kuu kuomba amri ya kumfikisha mtu mbele ya jaji. Kwa ibara ya 44 haki hiyo haipunguzwi kwa sababu yoyote, sawa na kutoteswa na kusikilizwa kwa haki. Juni 2024 mfanyakazi mmoja wa shirika la mazingira linalofuatilia mafuta alichukuliwa Kampala na akaonekana siku kadhaa baadaye magharibi ya nchi. Katika hali kama hiyo kusubiri "labda atarudi" ndiyo hatari yenyewe. Maombi yapelekwe siku ile ile.

---

Mwambao_Tanga

Asanteni sana, hii ya barua za mtaa sikuiwaza kabisa. Maswali mawili ya nyongeza. Kesi ikifutwa kwa sababu upande wa mashtaka haukuleta mashahidi, mtu ameshinda? Na kuna yeyote aliyeandikia yule mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, Michel Forst, aliyechaguliwa kushughulikia watetezi wa mazingira?

---

Wakili_wa_Zamu

Hajashinda, na hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Kufutwa kwa kesi kabla ya utetezi, au upande wa mashtaka kuiondoa, kwa kawaida humwachia mtu huru bila kumtakasa. Anaweza kushtakiwa upya kwa jambo lile lile. Ndiyo maana kila ahirisho linapoombwa, wakili asimame na kupinga kwa sauti inayoandikwa: tarehe gani, mara ya ngapi, shahidi gani hakuja, sababu ipi ilitolewa. Baada ya maahirisho mawili au matatu, ombeni amri kwamba tarehe ijayo ni ya mwisho. Mkikaa kimya mkisubiri ife yenyewe, itakufa kweli, lakini mtakuwa mmetumikia kifungo cha nauli, mitihani iliyokosekana na kazi iliyopotea, na hakuna hukumu ya kumwonyesha hakimu wa kundi litakalofuata.

Baada ya kufutwa kuna Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019. Hii bado haitumiki vya kutosha. Inamfanya afisa aliyevunja haki awajibike *yeye binafsi*, na mahakama inaweza kumtaka alipe sehemu ya fidia kutoka mfukoni mwake. Pia inazuia shauri kutupwa kwa sababu za kiufundi tu. Haki zile zisizopunguzwa zinapelekwa Mahakama Kuu, nyingine zinaweza kuanzia kwa hakimu. Na kama ndani ya kesi ya jinai mshtakiwa ataonyesha aliteswa au alinyimwa usikilizwaji wa haki, mwenendo mzima wa kesi unaweza kubatilishwa. Lakini mnahitaji jina au namba ya askari. "Askari wa polisi" haitoshi kumfikia mtu binafsi.

---

Msomaji_wa_Mikataba

Kuhusu Forst, hapana, na naona kosa hili mara kwa mara. Yeye alichaguliwa mwaka 2022 chini ya Mkataba wa Aarhus (wa haki za umma kupata habari, kushiriki na kwenda mahakamani katika mambo ya mazingira), na mamlaka yake yanafuata nchi wanachama wa mkataba huo, karibu zote za Ulaya na Asia ya Kati. Uganda, Kenya na Tanzania hazimo, ingawa malalamiko dhidi ya kampuni ya nchi mwanachama, kama TotalEnergies ya Ufaransa, anaweza kuyapokea. Waraka wake wa Februari 2024 kuhusu ukandamizaji wa waandamanaji wa mazingira unaweza kunukuliwa kama hoja, lakini malalamiko dhidi ya polisi wa Kampala yaende kwa wataalamu maalumu wa Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa: wa watetezi wa haki, wa uhuru wa kukusanyika, wa mazingira, wa mabadiliko ya tabianchi. Barua moja inaweza kuelekezwa kwa wote kwa pamoja.

Hapo hakuna sharti la kumaliza mahakama za nyumbani. Wanachotaka ni ukweli uliopangwa: nani, lini, wapi, nani alifanya, sheria gani ilitumika, na ridhaa ya mhusika kwa maandishi, pamoja na kama jina lake litajwe kwa serikali. Andika kurasa mbili au tatu, kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Serikali hupewa siku 60 kujibu, kisha barua hutangazwa hadharani. Mtu akiwa bado ndani, ombeni wito wa dharura, usiosubiri siku hizo.

Sasa mpangilio wa namba 4, na nitausema kwa muda maana muda ndio unaoua kesi.

*Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha.* Haidai umalize mahakama za nyumbani. Hoja huwa ni ibara za 6(d) na 7(2) za Mkataba wa Jumuiya, utawala bora na haki za binadamu. Lakini ibara ya 30(2) inatoa miezi 2 tu tangu kitendo au tangu ulipokijua. Mahakama hiyo haikubali hoja ya uvunjaji unaoendelea kuongeza muda. Kitengo cha Rufaa kilishasema hivyo mwaka 2012 katika shauri la asasi ya IMLU dhidi ya Kenya. Na hili limewagusa wenzetu moja kwa moja: asasi za Uganda, Kenya na Tanzania zilifungua shauri dhidi ya EACOP Novemba 2020, na tarehe 29 Novemba 2023 likatupwa kwa kuchelewa. Mahakama iliona walijua habari za mradi tangu mkataba wa serikali za Uganda na Tanzania wa 2017. Miaka mitatu ya kazi, na hoja za mazingira hazikusikilizwa hata siku moja. Kwa hiyo anayekamatwa leo na kufikiria Arusha aweke tarehe kwenye kalenda leo. Asisubiri kesi ya jinai iishe.

*Mahakama ya Afrika, nayo iko Arusha*, na watu huzichanganya. Uganda haijaweka tamko la kuruhusu watu binafsi kushtaki, na Tanzania iliondoa la kwake, uamuzi ulioanza kufanya kazi Novemba 2020. Mlango wa moja kwa moja umefungwa. Lakini maoni yake ya ushauri ya tarehe 4 Desemba 2020 kuhusu sheria za uzururaji ni dhahabu: yalisema sheria hizo za kikoloni zenye maneno mapana zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Yapelekeni mbele ya hakimu pamoja na Kanuni za Tume ya Afrika za 2017 kuhusu kuondoa jinai kwenye makosa madogo.

*Tume ya Afrika, Banjul.* Masharti saba ya ibara ya 56, na kubwa ni kumaliza mahakama za nyumbani, isipokuwa zinacheleweshwa kupita kiasi. Hapo ndipo ile orodha ya maahirisho aliyoitaja Wakili inapogeuka kuwa ushahidi.

*Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, Geneva.* Hii wengi hawaijui: Uganda ilijiunga na Itifaki ya Hiari ya kwanza ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1995, kwa hiyo mtu binafsi anaweza kulalamika, jambo ambalo Mkenya na Mtanzania hawana. Mmalize kwanza mahakama za nyumbani, na msipitishe miaka 5 baada ya hapo. Kamati hiyo ndiyo iliyotoa Maoni ya Jumla namba 37 ya mwaka 2020, ambayo yanasema wazi kwamba kuvuruga mwendo wa magari, watembea kwa miguu au shughuli za kila siku si vurugu, na kwamba taarifa kwa polisi haipaswi kugeuzwa mfumo wa kuomba ruhusa. Jifunzeni aya zile kwa moyo.

---

Bi_Kesi_Ulaya

Nashukuru kwa mjadala. Naomba kuongeza tahadhari kuhusu Uingereza, kwa sababu upande wa mashtaka unaweza kuitumia, na mahakama zetu bado husoma hukumu za kule kwa heshima kubwa.

Kosa hili mbegu yake ni ya huko huko. Limo katika sheria za adhabu za Uganda, Kenya na Tanzania kwa maneno yanayokaribiana sana, kwa kuwa lililetwa na mkoloni mmoja. Uingereza yenyewe iliacha lile la zamani na mwaka 2022 ikaliandika upya ndani ya sheria ya polisi na adhabu, likiwa na kifungo cha hadi miaka 10. Ndilo lililowafunga watu watano wa Just Stop Oil, kundi la wanaopinga mafuta, Julai 2024, kwa kupanga kupanda kwenye vyuma vya juu ya M25, barabara kuu inayozunguka London: Roger Hallam miaka 5, wengine wanne miaka 4 kila mmoja. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilisikiliza waombaji 16 na ikawapunguzia 6, Hallam akashuka hadi miaka 4.

Msikubali ilinganishwe na Kampala kirahisi. Kule ilikuwa mpango wa kusimamisha barabara kuu kwa siku kadhaa. Hapa ni vijana wachache wanaotembea kupeleka barua ubalozini au bungeni. Pia msijidanganye: Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika Kudrevičius dhidi ya Lithuania (2015), ilisema kufunga barabara kuu *kwa makusudi*, kusikohusiana na lengo la maandamano, kunaweza kuadhibiwa. Kwa hiyo kundi linalotaka kuketi katikati ya barabara lijue kwamba hoja ya kufuli ya kwanza inapungua nguvu, na utetezi unahamia kwenye uwiano: muda, njia mbadala ya magari, gari la wagonjwa lilipita au la, adhabu iliyoombwa. Kwa Uganda uwiano unaanzia ibara ya 43 na hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2004 ya Onyango Obbo na Mwenda: haki ndiyo kanuni, kikwazo ndicho kinachohitaji kuthibitishwa, na mzigo huo ni wa serikali.

Jambo la mwisho kwa upande wa Ufaransa. Sheria ya mwaka 2017 ya wajibu wa kampuni kubwa kuwa macho inaruhusu TotalEnergies kushtakiwa Paris, na vitisho kwa watetezi vinaweza kuwa sehemu ya madai. Lakini Februari 2023 shauri la kwanza lilikataliwa kwa kuwa madai yaliyofika mbele ya jaji yalitofautiana mno na barua ya onyo ya 2019. Barua ya onyo ni hatua ya lazima. Kila tukio jipya la kukamatwa mnalotaka kulidai liandikiwe onyo lake. Mkiliongeza juu juu baadaye, linaweza kukataliwa.

---

Mwambao_Tanga

Nimenakili yote. Kwa upande wa Tanga, je, hayo hayo?

---

Wakili_wa_Zamu

Hapana, msinakili tu. Kwetu Tanzania uhuru wa kukutana uko ibara ya 20(1) ya Katiba, lakini Sheria ya Jeshi la Polisi, sura ya 322, kifungu cha 43, inataka taarifa saa 48 kabla na inampa afisa uwezo wa kuzuia. Hatuna hukumu kama ile ya Uganda ya Machi 2020 ya kukiondoa kifungu hicho. Muda wa kufikishwa mahakamani ni saa 24. Na marekebisho ya 2020 yalitaka anayefungua shauri la haki za msingi aape kwamba ukiukwaji umemgusa *yeye binafsi*, kwa hiyo kabla ya kufungua hapa shauri la taasisi nililolipendekeza kwa Uganda, wakili aangalie kama sharti hilo bado lipo. Tafuteni mwenye shamba au mvuvi aliyeguswa mwenyewe, na kiapo kiseme wapi, lini na ameguswaje. Faida moja tuliyonayo ni kwamba tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Mshtakiwa adai hati na mwenendo kwa Kiswahili, na kijitabu chako kinaweza kunukuliwa mle ndani bila mkalimani.

---

Daftari_la_Mahabusu

Mwambao, kurasa za ndani za kijitabu acha nafasi tupu: saa ya kukamatwa, kituo, namba ya daftari, jina la mkuu wa kituo, tarehe ya miezi 2 ya Arusha. Na kichapwe kwenye karatasi ndogo inayoingia mfuko wa shati, maana simu huchukuliwa kwanza.